Mlango wa Kwenda Usenge

Asubuhi hiyo sikuwa na safari. Niliamka Manyatta, mtaa wa Kisumu, nikanawa uso, nikaitazama pikapu yangu iliyosimama nje ya chumba nilichopanga, nikaona si vizuri kuiacha ilale zaidi. Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka ile ya themanini ilipokuwa inaelekea ukingoni: nikichoka na mahali naondoka, na nilikuwa mtu wa kuchoka upesi. Shule niliiacha mapema kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa nimeshazoa mchanga Sondu, nimebeba magunia ya mchele Ahero, nimekaanga maandazi karibu na stendi ya mabasi. Halafu mjomba wangu akanipa pikapu hiyo baada ya kumsumbua mwaka mzima. Alisema ananipa ili apate usingizi. Tangu hapo nikawa mtu wa kubeba mizigo ya watu, na nilipokosa mzigo nilizunguka tu nijue barabara fulani inaishia wapi.

Leo nitashika upande wa Kisian, nikajiambia. Nikichoka nitageuza.

Kuna jambo moja kuhusu pikapu hiyo ambalo lazima niliseme kabla hatujaondoka. Manyatta ya wakati huo, mwenye gari alilala sikio moja likiwa kwenye tanki. Vijana walikuja na kipande cha mpira, wakanyonya petroli mpaka jerikeni ikajaa, na wewe asubuhi unapiga stata mpaka betri inalia. Zamu yangu ilipofika waliondoka na petroli pamoja na kifuniko cha tanki. Nikaziba kwa kitambaa. Wakarudi, wakanyonya tena, wakaniachia kitambaa kimekunjwa vizuri juu ya boneti.

Fundi wangu alinionea huruma. Alichukua soli mbili za patipati kuukuu, akazikata mviringo, akazigundisha pamoja, akazizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka likawa bonge gumu kama ngumi. Akalisukuma kwenye mdomo wa tanki kwa kiganja, akaligonga mara mbili kwa nyundo.

"Hii hata jini hawezi kutoa," akasema. "Petroli yako sasa iko benki."

Kweli kizibo kile kilikaa. Ili kukitoa ilibidi ukizungushe huku unavuta, mguu mmoja ukiwa umeegemea tairi. Alinipa bure, na kila aliyekiona alikisifu. Nilikuwa nakionyesha kwa watu kama mtu anavyoonyesha saa mpya.

Basi sikuwa nimefika hata kwenye barabara kubwa nilipomwona mama mmoja amesimama katikati ya njia, mkono juu. Kando yake, chini, palikuwa na mlango. Mlango mzima wa mbao, na fremu yake, umepakwa rangi ya kijani ambayo ilikuwa haijakauka vizuri. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa akiuza omena sokoni na watu walimwogopa kidogo kwa mdomo.

"Wewe kijana! Hii gari inaenda wapi?"

"Sijui bado, Mama."

"Hujui? Basi mimi najua. Inaenda Usenge."

Usenge sikuwahi kufika. Nilijua tu kwamba ni ufuoni, kwamba omena zake zinatoka huko, na kwamba barabara inaishia ziwani. Hiyo ilinitosha. Tuliupandisha mlango nyuma, tukaufunga kwa kamba, naye akaketi mbele nami, kikapu kikiwa magotini na pakiti ya misumari mkononi kana kwamba ilikuwa mtoto.

"Kimbia," akasema. "Lakini usiharibu rangi."

Tulipopita Kisian ndipo akanieleza. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa anafungua boma lake siku hiyo. Kwa Wajaluo jambo hilo halifanywi ovyo. Alfajiri mwanamume huyo alikuwa ametoka katika boma la marehemu baba yake, mtoto wake wa kwanza amebeba shoka, yeye jogoo, mkewe moto, na mdogo wa baba yake akitangulia kuwaonyesha mahali. Nyumba ya kwanza ya boma hilo hujengwa siku hiyo hiyo. Jua linapotua lazima iwe imesimama, imeezekwa, ina mlango, na wenyewe walale ndani. Tatizo lilikuwa kwamba shemeji yake alitaka mlango wa Kisumu. Akaagiza kwa seremala wa Manyatta, akatangulia nyumbani kutafuta nguzo, akamwachia mama huyu kazi ya kuuleta.

"Seremala akaniambia Jumanne," mama akasema. "Jumanne nikaenda, akaniambia mbao bado inakauka. Jana nikaenda, ananiambia yeye mwenyewe ni mgonjwa. Leo nikamkuta anapaka rangi. Nikamwambia, rangi ya nini? Huyo mtu atalala kwa rangi?"

"Na mlango usipofika?"

Alinitazama kama nimeuliza kama maji yana unyevu.

"Nyumba haina mlango ni nyumba? Watatoka hapo usiku warudi kwa boma ya baba yake na jogoo mkononi? Wazee watasema boma imemkataa. Ataanza tena mwaka gani? Wewe endesha."

Nikaendesha. Lami tulikuwa tumeiacha, na vumbi liliingia kupitia sakafu. Ziwa lilionekana upande wa kushoto, likapotea, likaonekana tena. Nilikuwa nafurahi jinsi ninavyofurahia barabara yoyote nisiyoijua. Halafu injini ikakohoa. Ikavuta kidogo, ikakohoa tena, ikazima.

"Nini?" mama akauliza.

"Imezima."

"Naona imezima. Nauliza nini."

Nilivunja matawi ya kichaka, nikayaweka mbele na nyuma ya gari ili watu wajue, nikafungua boneti. Na hapo ndipo shida yangu ilipoanza sawasawa. Upande ule wa ziwa hakuna mtu anayeipita gari iliyofunguliwa boneti. Kupita ni kukosa adabu, kama kumpita mtu msibani bila kumpa mkono. Lazima asimame, aweke mzigo wake chini, aangalie injini, aseme neno. Akiwa na mikono misafi, aichafue.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu mnene, kifua wazi. Alishuka akijifuta jasho.

"Petroli iko?"

"Iko."

"Uliona kwa macho?"

Kabla sijajibu alikuwa amefika kwenye tanki. Akakizungusha kizibo, akakivuta. Kikatoka na sauti: fyuuu.

"Sikia hiyo!" akasema, akanusa. "Petroli yako iko na nguvu kweli. Hii kizibo nani alitengeneza? Nzuri sana."

Akakirudisha, akakigonga kwa kisigino cha mkono. Kisha akafungua kifuniko cha dela, pale umeme unapogawanywa kwenda kwenye plagi, akatoa kiberiti mfukoni, akachana ule ubavu wa kuwashia, akasugua nao pointi, akapuliza. "Ni pointi. Hizi pointi zimeungua. Piga."

Nikapiga. Ikawaka papo hapo. Yule bwana alirudi kwenye lori lake akitembea kama bwana harusi, na mama akamrushia shukrani za Kijaluo mpaka lori likapotea.

"Umeona?" akaniambia. "Mtu anajua kazi."

Tulikuwa tumepita Holo, mwendo si mrefu sana, injini ilipokohoa tena. Pointi nilizitazama zikiwa safi, zinang'aa. Safari hii akaja mzee juu ya baiskeli, kofia kichwani, ambaye alitangaza kabla hajashuka kwamba aliendesha gari za serikali mpaka alipostaafu na hakuna gari iliyowahi kumlaza njiani. Naye akauliza petroli. Naye hakuniamini. Akakivuta kizibo, fyuuu, akanusa, akasifu kazi ya fundi, akakirudisha. Ndipo akaja mbele, akaweka kidole kwenye pampu ya petroli, akakiondoa haraka.

"Nani alikudanganya ni pointi? Pampu imepata joto. Petroli inageuka kuwa mvuke. Lete kitambaa na maji."

Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya mama ya kunywa. Akayatoa kwa uchungu. Mzee akakilowesha kitambaa, akakifunga kwenye pampu kama mtu anayemuuguza mtoto mwenye homa. "Piga."

Ikawaka.

"Huyo wa lori alikuwa anatudanganya," mama akasema tulipoondoka. "Nilimwona tu. Mtu hata shati hana."

Nikamkubalia. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyejifunza jambo. Ilipozima mara ya tatu, mbele ya Kombewa, sikutaka msaada wa mtu. Nilisugua pointi kwa kiberiti. Nilikilowesha kitambaa kwa maji ya mtaro, nikakifunga kwenye pampu. Nikachomoa plagi moja moja, nikazisugua kwa waya, nikazirudisha. Petroli sikuihangaikia, nilijua ipo. Nikapiga stata.

Kimya. Nikapiga tena, ikazunguka tu, wee-wee-wee, haishiki.

"Ulifanya kama yule mzee?" mama akauliza.

"Nimefanya kama yule mzee na kama yule wa lori, na nimeongeza zangu."

"Basi umeharibu mahali. Hao waliguza kidogo, wewe unaguza sana."

Nilirusha bisibisi kwenye nyasi. Kisha ikabidi niitafute, kwa sababu ilikuwa moja tu. Nilikuwa nimepiga magoti nikipapasa nyasi niliposikia ngoma. Watu wa kanisa moja la roho walikuwa wanakuja barabarani, kanzu nyeupe, misalaba myekundu mgongoni, bendera mbele. Na kwa sababu hata wao ni watu wa upande ule, walipoona boneti iko wazi wakasimama, ngoma ikanyamaza.

Kiongozi wao aliuliza tunakwenda wapi. Mama akamwambia habari ya boma, na mlango, na jua. Yule kiongozi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Alitandaza mkono juu ya injini, wengine wakafunga macho, wakaanza kuomba kwa sauti inayopanda na kushuka. Mpiga ngoma peke yake hakufunga macho. Nilimwona akizunguka nyuma, akakivuta kizibo, akanusa, akaridhika, akakirudisha na kukipigilia kwa kirungu cha ngoma.

"Amen," wakasema. "Washa, ndugu."

Nikapanda bila imani yoyote, nikapiga. Ikawaka kwa mara moja.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi nilivyoudhika. Mtu anapaswa kushukuru gari lake likiwaka. Lakini mimi nilikuwa natafuta sababu. Tangu utotoni nilikuwa hivyo: nilifungua redio ya baba ili nimwone anayeongea, nikapigwa, nikaifungua tena. Jambo lisilo na sababu linaniwasha mwilini kama upupu. Pointi iliponya mara moja, kitambaa kikaponya mara moja, maombi yakaponya mara moja, na mimi niliyefanya kila kitu sikuponya kitu. Mama hakuwa na shida hiyo. Aliimba pambio lao njia nzima, akinitazama kwa pembe ya jicho kila anapofika kwenye kiitikio.

"Usinitazame hivyo, Mama."

"Sijasema kitu. Ni wewe unasema na spana siku nzima."

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea upande wa ziwa tulipofika Ndori, na Ndori ndipo ilipozima mara ya nne, mbele kabisa ya kibanda cha chai, siku ya soko.

Mtu akitaka kujua idadi ya mafundi walioko duniani, na aende akafungue boneti Ndori siku ya soko. Walikuja kutoka kwenye nyanya, kutoka kwenye mbuzi, kutoka kwenye kinyozi mtu akiwa amenyolewa upande mmoja.

"Hiyo ni koili. Gusa uone, imechemka."

"Koili gani! Hii ni kabureta, imeingia taka. Petroli ya siku hizi wanachanganya na mafuta taa."

"Omera, wewe hata baiskeli huna. Tulia."

"Ndugu yangu aliendesha trakta miaka sita!"

"Basi mwite ndugu yako. Wewe uliendesha nini?"

Mmoja wao, kijana mrefu mwenye jogoo kwapani, alikuwa ameanza kwenda upande wa tanki. Mama akatoka garini kwa kasi ambayo sikuitarajia.

"Wewe! Acha hiyo tanki! Toka asubuhi kila mtu anaweka pua hapo. Mtamaliza petroli kwa kunusa!"

Kijana akarudi nyuma, jogoo akalalamika. Hakuna aliyethubutu tena kuigusa tanki. Walishika kila kitu kingine. Walisugua, wakapuliza, wakafungua kabureta na kuifunga, wakasukuma gari kwenda na kurudi katikati ya soko mpaka mama mmoja wa viazi akatutukana sote pamoja na wazazi wetu. Haikuwaka. Mlango ulikuwa pale nyuma, kijani, umepata vumbi juu ya rangi mbichi kama uso wa mtu aliyelia. Mama aliutazama, akalitazama jua, na kwa mara ya kwanza siku ile akaitia pakiti ya misumari kikapuni. Hilo lilinitia hofu kuliko maneno yake yote.

Nikamwambia aje anywe chai. Sikujua jambo lingine la kumwambia.

Mwenye kibanda alitupa chai ya rangi; maziwa yalikuwa yameisha tangu asubuhi. Mama akaingiza mkono kikapuni, akatoa kopo la maziwa alilokuwa anampelekea mke wa shemeji yake. "Atanisamehe," akasema. Alitoa msumari mmoja kwenye pakiti, akauweka juu ya kopo, akaugonga kwa jiwe lililokuwa linazuia mlango wa kibanda. Akaligeuza kopo juu ya kikombe changu. Likatoka tone. Tone lingine. Kisha likakataa kabisa.

"Hata wewe?" akaliambia kopo.

Akalisimamisha, akagonga tundu la pili upande wa pili, akaligeuza. Maziwa yakamiminika mpaka yakavuka ukingo wa kikombe.

Nilikuwa nimeliona jambo hilo maisha yangu yote. Kila mtu anajua kopo linataka matundu mawili, moja la kutoa na moja la hewa. Lakini siku ile niliganda, kikombe mkononi, chai inanichoma vidole. Nilimwona yule wa lori akivuta kizibo. Nilimwona yule mzee. Nilimwona mpiga ngoma, macho wazi, wengine wakiomba. Niliisikia ile fyuuu. Na nikajiona mimi Kombewa, nikisugua kila kitu, bila kuigusa tanki.

"Mama," nikasema, "haikuwa na nguvu."

"Nini haikuwa na nguvu?"

Nilipasua kipande cha karatasi ya sigara kilichokuwa chini, nikaenda kwenye tanki, watu wote nyuma yangu. Nilikizungusha kizibo polepole, nikakilegeza upande mmoja tu, nikaiweka karatasi pale kwenye mwanya. Kama petroli ingekuwa na nguvu, karatasi ingerushwa nje. Haikurushwa. Ilivutwa ndani, ikakwama kwenye mwanya inatetemeka, huku tanki likivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetolewa majini. Fundi wangu alikuwa ameniwekea kizibo kizuri kupita kiasi. Kila petroli ilipopungua, hakuna hewa iliyoingia kuchukua nafasi yake, mpaka pampu ikawa inavuta na tanki nalo linavuta. Na kila mwenye adabu aliyekuja kunusa aliliachia pumzi bila kujua, kisha akajisifu kwa jambo lingine.

Nilipanda, nikapiga, ikawaka. Soko lote likapiga makofi, kisha likaanza kubisha.

"Si hiyo. Hiyo ni bahati tu," akasema mtu wa koili. "Koili imepoa."

"Mimi nilisema kabureta na nikafungua kabureta," akasema mwingine. "Si imewaka?"

Sikuwa na nafasi ya kubishana. Nilimwomba mwenye kibanda anipashie ule msumari kwenye jiko lake, mbali na gari, mpaka ukawa mwekundu. Niliushika kwa koleo, nikautoboa moyo wa kizibo cha patipati, moshi mweusi ukanuka, watu wakaziba pua. Tundu dogo tu, la kupitisha unywele. Mama alisimama akinitazama, mikono kiunoni.

"Kwa hivyo gari ilikuwa inakosa pumzi tu?"

"Pumzi tu, Mama."

"Na tulifunga pampu kwa maji yangu ya kunywa?"

"Ndiyo."

"Na tukaombea plagi?"

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Halafu akalitazama jua, kicheko kikakatika.

Nitasema ukweli kwamba kutoka Ndori niliiendesha ile pikapu vibaya. Bondo tuliipita hata sikuiona. Nakumbuka mbuzi mmoja na bango. Kila mara nilipohisi kama injini inataka kukohoa nilishika usukani kwa nguvu mpaka vidole vikauma, lakini haikukohoa. Mlango ulikuwa unagonga nyuma. Mama alikuwa ametoa kichwa dirishani akiutazama, akiniambia nipunguze kisha, bila kuvuta pumzi, akiniambia niongeze. Harufu ya omena ilitufikia kabla ya Usenge wenyewe, na kilima kilicho nyuma yake kilikuwa kimeanza kuwa cheusi upande wa chini.

"Kata hapa! Kata! Hapa kwa miti ya mkonge!"

Boma lilikuwa uwanja tu uliofyekwa, visiki bado vibichi. Katikati ilisimama nyumba ndogo, paa la nyasi limekamilika, kuta za udongo zinameta maji, na mbele yake shimo la mlango, jeusi, wazi. Wanaume walikuwa wamekaa chini wameishiwa na kazi. Mwanamke mmoja alikuwa amechuchumaa karibu na moto, anautunza, hatazami barabara. Mtoto mwenye shoka alisinzia. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye kisiki. Mwenye boma mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni pasipo mlango, na alipotuona hakukimbia wala hakupiga kelele. Alikaa chini.

"Usikae!" mama akampigia kelele kabla gari halijasimama. "Shemeji, usikae! Shika upande huu!"

Tukaubeba mbio. Tukausimamisha. Na mlango ukawa mrefu.

Sitaki kusema yaliyosemwa juu ya yule seremala wa Manyatta, aliyekuwa amepata muda wa kupaka rangi lakini si wa kupima. Walichimba chini ya kizingiti, wakakata fremu kwa shoka la mtoto, udongo ukiruka. Mdogo wa baba wa mwenye boma, mzee mkavu mwenye fimbo, alikuwa anatazama ziwa badala ya kutazama sisi, na kila baada ya muda anasema neno moja la Kijaluo ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Mtu wa kupigilia misumari akanyoosha mkono kwa mama. Alichukua, akagonga, akachukua, akagonga. Wa mwisho akauinua machoni.

"Huu mbona mweusi? Umepinda."

"Piga huo huo," mama akasema. "Huo ndio umefungua maziwa na umefungua gari. Utashindwa na mlango?"

Akaunyoosha juu ya jiwe, akaupiga. Mwenye boma akausukuma mlango, ukafunga. Akaufungua, akaufunga tena. Jua lilikuwa kipande chembamba juu ya maji. Mkewe aliinua moto wake, akaingia nao ndani bila kumtazama mtu, na moshi wa kwanza ukaanza kupenya kwenye nyasi za paa. Mzee wa fimbo akageuka, akautazama ule mlango wa kijani wenye vumbi, alama za vidole vyetu zikiwa kila mahali.

"Ber," akasema. Ni vizuri. Kisha akaondoka zake.

Wanaume walikuja kunisalimia, na kama nilivyotazamia, kabla hata ya kuuliza jina langu wakauliza gari ilikuwa na nini. Nikawaeleza. Wakasikiliza kwa heshima. Mmoja akasema anafikiri ilikuwa koili.

Boma hilo usiku ule halikuwa na nafasi ya mgeni. Kwa desturi yao waliingia wenyewe tu, mume, mke na mtoto wao. Kurudi Kisumu gizani kwa taa moja sikutaka, na tena nilikuwa nimefika mahali nisipopajua, kwa hiyo kurudi hakukunijia akilini. Mama akaniambia niendeshe mpaka kwake, boma la mumewe, umbali wa kupiga kelele tu, karibu na ufuo. Mtoto wake mkubwa alikuwa shule ya bweni, na simba yake, kile kibanda cha kijana kando ya lango, kilikuwa kitupu.

"Utalala hapo. Kitanda iko. Blanketi nitakuletea. Utakula samaki au omena?"

"Chochote, Mama."

Alinimulikia kwa taa ya mafuta. Kitanda kilikuwapo kweli, na meza, na picha za wachezaji zilizokatwa gazetini. Nilitupa viatu vyangu ndani, nikageuka nifunge. Palikuwa na gunia limetundikwa kwa misumari miwili, upepo wa ziwa unalipuliza ndani na nje.

"Mama," nikasema, "mlango uko wapi?"

"Hiyo gunia haitoshi?" akajibu kutoka gizani, akielekea jikoni. "Niliagiza mlango kwa yule seremala mwaka jana. Ananiambia mbao bado inakauka."